Robo Nyeupe ya Bendera ya Manowari

Baba alifariki siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mimi nikiwa dukani kwangu Chake Chake nashona sare za skuli. Jirani alinipigia simu akaniambia, "Rudi nyumbani. Mzee keshatutoka." Nikasema inna lillahi kama inavyosemwa, nikaiweka simu mezani, nikamaliza upindo wa sketi iliyokuwa kwenye cherehani. Nilikata uzi, nikaikunja sketi, nikafunga duka. Mpaka leo naikumbuka rangi ya uzi ule. Nikijaribu kukumbuka nilihisi nini, sipati kitu.

Alizikwa siku ile ile baada ya Alasiri. Nyumba yetu ya Wesha ilijaa wanawake mpaka uani. Nilipika chai, nikagawa misahafu, nikaonesha watu choo kilipo. Shangazi alinikamata mabega akasema, "Lia, mwanangu, usijifunge." Nilimwambia ntalia, kama mtu anayeahidi kupeleka kitu baadaye. Nilikuwa kama mguu ulioukalia mpaka ukafa ganzi. Unaugusa, unajua ni wako, lakini anayeguswa ni mtu mwengine.

Mama akaingia eda. Alikuwa keshapita miaka sabini, na alikaa chumba cha ndani akishona kofia zake kama alivyokuwa akishona siku zote, sindano ikiingia na kutoka bila ya yeye kuiangalia. Kaka yangu alifika siku ya tatu kutoka Maskati, ambako anafanya kazi tangu ujanani. Sisi ni wawili tu, yeye mkubwa na mimi. Alilia mlangoni, akalia kaburini, akalia mbele ya sahani ya wali. Nilimwonea wivu.

Baada ya hitima, watu walipotawanyika, kaka alisema lazima tukifungue chumba cha vitu.

Ndivyo tulivyokiita. Ukoo wa baba yangu ulitoka Omani zamani, na ulikuwa na mashamba ya mikarafuu ambayo baada ya Mapinduzi hayakuwa yao tena. Mashamba yalikwenda, lakini Baba alibaki na tabia ya kuweka. Kila kilichotupwa na wenziwe yeye alikiokota: saa za ukutani zisizotembea, mabuli ya shaba, jambia lisilo ala, redio za mbao, funguo za milango ya nyumba ambazo sasa zinakaa watu wengine. Watu wa Chake walikuwa wakimletea vitu badala ya kuvitupa. Hakuviuza hata kimoja. Alivifuta vumbi kila Ijumaa, akafunga mlango, akaenda msikitini.

Kitu kikubwa kuliko vyote kilikuwa ndani ya kasha, chini kabisa, kimewekewa karafuumaiti ili kisiliwe na wadudu. Ilikuwa bendera ya manowari ya Kiingereza. Babu yangu, baba yake Baba, alikuwa karani wa bandarini Unguja wakati wa vita ile ya kwanza ya Wazungu, kijana wa miaka ishirini na kitu. Manowari ilipopigwa mizinga ikiwa imetia nanga, mashua zote zilizokuwa karibu zilitumwa kuchukua majeruhi, na makarani nao wakapandishwa kwenda kusaidia. Katika mashua aliyopanda babu alilazwa baharia mmoja aliyefunikwa bendera ile. Walipofika gatini yule baharia alikuwa keshakufa. Walimchukua wakamzika, bendera ikabaki chini ya mashua, imelowa. Babu aliichukua kwenda kuifua ili airudishe. Alikwenda kuirudisha mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa asubiri. Alipohamia Pemba alikuja nayo.

Hivyo ndivyo Baba alivyotuhadithia, na akituhadithia huifungua nusu tu, juu ya magoti yake. Tuliona uwanja mweupe uliogeuka rangi ya chai ya maziwa, mkono wa msalaba mwekundu, na ile bendera ndogo ya Waingereza kwenye pembe. Nusu ya pili haikufunguliwa. "Huko kumeungua," alikuwa akisema. "Moto wa mizinga. Hakutazamiki." Wala hatukuruhusiwa kuigusa. Mimi nilijifunza ushoni, nikawa fundi, watu wakaniletea nguo za harusi, lakini kitambaa kile sikuwahi kukitia mkononi hata mara moja.

Kaka alikuwa na mpango. Alinieleza tukiwa tumesimama mbele ya kasha bila ya kulifungua.

"Kuna bwana nimejuana naye kazini. Ana rafiki yake Ulaya anayekusanya bendera za manowari, nyumba nzima, kila moja ndani ya kioo, na hewa inapimwa. Hapa itaoza. Unajua itaoza."

"Najua."

"Anataka picha kwanza. Pande zote mbili na kingo zote nne. Mimi kesho kutwa naondoka. Utazipiga?"

"Ntazipiga."

"Huna la kusema?"

Angeniambia tuichome moto ningekwenda kutafuta kibiriti.

Simu yangu haipigi picha nzuri, kwa hivyo baada ya wiki mbili nilimwomba Mwalimu. Ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Alikuja Pemba kutoka Mbeya akiwa kijana kusomesha hesabu, akastaafu hapa hapa. Yeye ni Mkristo. Jumapili huenda kanisani, na Idi zote mbili alikuwa akila kwetu, kwenye sinia moja na Baba. Siku ya mazishi alisimama nje ya makaburi muda wote, kofia mkononi, jua likimpiga kipara.

Alikuja baada ya Alasiri. Mlango wa barazani tuliuacha wazi, na mlango wa chumba cha ndani, alikokuwa Mama, ulikuwa na pazia kwa sababu ya eda. Mwalimu alimsalimia Mama kupitia pazia, akamuuliza hali ya miguu, akajibiwa. Kisha tukatandika mkeka mkubwa sakafuni, nikalifungua kasha.

Bendera ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Sufu, iliyosokotwa nyembamba lakini imara. Nilishika pembe mbili, Mwalimu akashika nyengine, tukaanza kuifungua mkunjo baada ya mkunjo. Tulipofika mkunjo wa mwisho, mkono wa Mwalimu ulibaki hewani. Hakuwa na pembe ya kushika.

Robo nzima haikuwepo. Ile robo nyeupe ya chini, ya upande unaopepea, ilikuwa imeondoka yote, na tulichokiona pale kilikuwa mkeka.

Mwalimu alipiga magoti, akavaa miwani. Alitazama muda mrefu, kama mtu anayesahihisha daftari.

"Mwanangu," alisema, "mzee aliniambia hapa paliungua. Miaka yote aliniambia hivyo. Lakini moto haukati pembe mraba."

Nikapiga magoti na mimi. Nilipitisha kidole kwenye ukingo. Kitambaa kilikatwa kwa mkasi, sambamba na ule msalaba, upana wa vidole viwili ukaachwa ili mkasi usiuguse wekundu. Halafu ukingo ule ukapindwa. Nilijua kidole changu kinapita juu ya nini kabla sijakubali kujua. Mshono wa mkono, sindano inarudi nyuma nusu hatua kabla ya kwenda mbele, na kila baada ya hatua kumi fundo dogo la kuuzuia usiachie. Nimefundishwa mshono ule na Mama nikiwa na miaka sita. Simjui mtu mwengine anayeutia yale mafundo.

Mama aliuliza kutoka ndani, "Mbona hamsemi?"

"Tunatazama, Mama."

Nilisikia kofia ikiwekwa chini. Nikaona vidole vya miguu yake chini ya pazia.

"Mwalimu," alisema, "usijichoshe kutafuta alama ya moto. Haikuungua. Nimeikata mie."

Mwalimu akasema, "Shikamoo, Bi Mkubwa," ingawa alikwisha kumwamkia.

"Marahaba. Kaa kitako. Ulikuwa rafiki yake, sikia na weye."

Akatuhadithia akiwa amesimama nyuma ya pazia. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo.

"Mie niliolewa kutoka kwetu Wambaa, mwaka wa pili nikazaa ntoto mwanamme. Ilikuwa miaka ile ya shida. Nguo hakuna. Unapanga foleni tangu Alfajiri, ikifika zamu yako unaambiwa zimekwisha. Ntoto nilimfunga kwa kanga yangu iliyochanika. Baba yako kenda Unguja kufuatilia habari za shamba, kaniacha na jirani. Siku ya kumi ntoto kashikwa na homa. Siku ya kumi na moja, asubuhi, kafa."

"Mtoto gani, Mama?" niliuliza. Niliisikia sauti yangu ikiuliza kama ninavyomuuliza mteja ni kitambaa gani.

"Wa mwanzo. Kabla ya kaka yako."

Mwalimu alivua miwani.

"Wanawake wakazunguka mji mzima kutafuta kitambaa cheupe," Mama aliendelea. "Kila mlango. Mmoja kaja na shuka ina maua, mwengine kaja na kipande cha chandarua. Wakasema Mungu anajua shida yetu, tumzike na hicho. Na kweli Mungu anajua. Lakini mie n'kasema hapana. Sitomfunika mwanangu chandarua. N'kaenda kwenye kasha la baba yako, n'kaitoa. N'kaifua kwanza, n'kaianika uani, ikakauka upesi, kulikuwa na jua. N'kashika nkasi. Wekundu sikuugusa, wala ile pembe ya juu. Nilikata ndani ya weupe mtupu. Yule mwoshaji kaniuliza, nguo hii ya wapi? N'kamwambia ya kwetu. Imemtosha, ikabaki na kidogo cha kufungia."

"Na Baba?"

"Kaja baada ya wiki. Habari za msiba kazipata gatini, kabla hajafika nyumbani. Kaniuliza, 'Umempa sanda gani?' N'katazama mlango wa chumba cha vitu. Kaniangalia, halafu kaenda kwenye kasha mwenyewe. Kakaa ndani ya chumba kile mpaka adhana. Mie niko uani nangoja talaka yangu, maana kitu kile kilikuwa cha baba yake, na alikuwa akikiogopa kama amana. Alipotoka alikuwa kashika sindano na uzi. Kaniambia, 'Itafumuka. Ipinde.'"

Nilisikia akiegemea mlango.

"N'kakaa n'kaipinda. Yeye kakaa upande wa pili, kanishikia isiburute chini. Tulipomaliza kaikunja, kaiweka. Basi. Watu wakiuliza kasema imeungua. Mie sikumwambia aseme hivyo. Kasema mwenyewe, mpaka kafa."

"Kwa nini hamkutwambia?"

"Mlikuwa watoto. Halafu mkawa wakubwa mna mambo yenu." Vidole vya miguu vilisogea. "Baba yako kazikwa ubavuni mwa yule ntoto. Yeye ndiye aliyekwenda kupaonesha mahali, mwaka jana, kabla hajashindwa kutembea."

Mwalimu alisimama kwa tabu, akishikilia kasha. Alisema, "Pole, Bi Mkubwa. Pole sana." Alitoka barazani, akasimama pale amegeukia njia, na niliyaona mabega yake yakitikisika. Mimi nilibaki kwenye mkeka. Nilinyoosha mkunjo mmoja uliokuwa umejikunja. Nilifikiri, hapa lazima nitalia sasa. Nikangoja. Nilisikia jogoo wa jirani, nikasikia gari la mchanga likipita kwenda bandarini, nikaona kwamba moja ya yale mafundo ya uzi limelegea. Basi.

Picha tulizipiga kesho yake. Mwalimu alirudi bila ya kuitwa.

Nilimpigia kaka, nikamweleza kama nilivyoelezwa.

"Mama anasema kweli?"

"Mshono wake nimeuona."

Akaniuliza kama picha zimeshapigwa, na nikamtumia. Sikumkasirikia. Watu husema chochote kilicho karibu.

Yule mkusanyaji wa Ulaya alijibu haraka. Bado anaitaka, hata bila ya robo. Nilikwenda kumuuliza Mama. Aliinua kofia mbele ya macho yake, akahesabu vitobo, akasema, "Fanyeni mtakavyo. Kipande changu nilishachukua."

Mwalimu ndiye aliyesema tusitoe kitu cha namna ile nchini bila ya kuuliza. Aliandika barua kwa wanaoshughulika na mambo ya kale, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, na baada ya mwezi na nusu akaja msichana mmoja kutoka Unguja, amevaa buibui na glavu nyeupe, na mkoba wa karatasi. Aliipima bendera urefu na upana, akaangalia uzi kwa kioo cha kukuzia, akauliza habari za babu na mashua, akaandika yote. Alifika kwenye ule ukingo.

"Uharibifu huu ulitokea vitani?"

"Hapana. Ilikatwa nyumbani."

"Sababu?"

"Sanda. Ya mtoto."

Kalamu ilisimama. Alinitazama, akatazama pazia, halafu akaandika. Aliandika muda mrefu kuliko maneno matatu yanavyohitaji. Alipomaliza alinieleza kwamba ruhusa ya kuitoa nchini inaombwa na huchukua muda, lakini kama tunataka kuiweka wenyewe, nayo inawezekana, maadamu imesajiliwa. Alinionesha namna ya kuivingirisha kwenye bomba lililozungushiwa shuka safi, isikunjwe tena, maana palipokunjwa uzi unakatika. Na ile karafuumaiti isiguse kitambaa.

Nilipomsindikiza aliniuliza, "Mtaomba ruhusa, au mtaiweka?"

Nikamjibu, "Tutaiweka." Sikuwa nimekaa nikafikiri. Lilitoka tu, na baada ya kutoka sikutaka kulirudisha.

Kaka alipopata habari alipiga simu saa ile ile.

"Nimeshampa mtu neno langu!"

"Mwambie dada yako kakataa."

"Kwa sababu gani? Niambie sababu moja."

"Sina."

"Wewe umekuwa jiwe tangu Baba afe," alisema. "Hukumlilia Baba. Hukumlilia hata huyo mtoto. Unakaa na kitambaa cha Waingereza ndani ya kasha, na huna hata sababu."

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Akakata simu, na hakupiga tena. Ujumbe wa kumuulizia Mama alikuwa anautuma kwa Mwalimu, na Mwalimu anakuja kuusoma barazani kwa sauti, bila ya kuchagua upande.

Mimi niliendelea na kazi. Nilishona, nikapika, nikamsugua Mama miguu. Siku za Ijumaa nilifuta vumbi chumba cha vitu kwa sababu hakuna mwengine wa kufanya. Mara moja, nikifuta moja ya zile saa, niligundua kwamba nimekaa sakafuni na sijui nimekaa muda gani. Nilikuwa sifikirii kitu. Nikanyanyuka, nikaendelea na saa iliyofuata.

Eda ilipokwisha, kaka alikuja bila ya kutuarifu. Nilimkuta barazani na mkoba wake, amekaa na Mwalimu, wanakunywa kahawa. Kanenepa kidogo, ndevu zimezidi mvi. Nilimpa mkono, akaubusu kama tulivyofunzwa utotoni, akaniambia, "Nimechoka kukasirika."

Nilidhani atauliza kuiona bendera, na nilikuwa nimejitayarisha kumfungulia. Hakuuliza. Alipokwisha kula alimwambia Mama, "Nataka unioneshe alipo."

Mama akavaa buibui. Kaka alikuwa amekodi gari, tukaenda sote watatu. Mama hakuwa amefika makaburini tangu ujana wake, na Baba alizikwa yeye akiwa ndani. Lakini alipita moja kwa moja baina ya mawe, akishika mkono wangu, mpaka kwenye udongo wa Baba ambao ulikuwa umeanza kuota majani. Ubavuni mwake palikuwa na vijiwe viwili vidogo, kimoja kichwani na kimoja miguuni. Hatua moja yangu ingevuka kutoka kimoja hadi chengine.

Kaka alisimama. Katika nyumba yetu yeye ndiye kifungua mimba. Ndilo jina Mama alilokuwa akimwita akimbembeleza, na ndilo Baba alilomtajia kila alipotaka awe na adabu zaidi yangu.

"Kumbe mimi ni wa pili," alisema.

"Wewe ni wa pili," Mama alimjibu.

Kaka akasoma Yasini yote, kwa moyo, bila ya kulia. Mimi nilimshikilia Mama. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mkavu, na nilihisi mfupa wa kiwiko chake ukikandamiza ubavu wangu. Nilihisi kweli, mahali pale penyewe, hata pakauma kidogo. Sikusogea.

Tulipokuwa tunarudi, kaka aliweka ufunguo kwenye gari lakini hakuliwasha.

"Mama, aliishi siku kumi na moja. Kwa hivyo ya saba ilipita. Mlimpa jina?"

"Tulimpa. Baba yako kaliandika kabla ya kuondoka, kaniachia."

Akamtajia. Hapa silitaji. Kaka alilirudia mara mbili kwa sauti ndogo, kama mtu anayehakikisha amelisikia sawa. Mama akamsahihisha herufi moja. Alipolisema vizuri, akawasha gari.